Sifuri ya mama wa sambaza

Jumla ilikuwa 5. Mwanafunzi wetu wa udaktari aliizungushia duara kwa kalamu ya risasi, akaandika pembeni "athari ndogo", akanikabidhi karatasi niiweke kwenye faili. Macho yangu mimi yalikuwa kwa mwenye hiyo 5. Alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye benchi la barazani akisubiri dawa, mikono yote miwili ameificha ndani ya kikwembe kama mtu aliyebeba kuku wa kuibia. Na mchana ule haukuwa wa baridi.

"Ngoja," nikamwambia mwanafunzi. "Yule mama si wa 5."

"Yaya," akasema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "hesabu ni hiyo. Nimejumlisha mara mbili."

Hakuwa amekosea. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, na kosa lilikuwa langu mimi niliyeyaandika yale maswali kwa Kiswahili. Lakini ili nieleweke, lazima kwanza nieleze hiyo 5 inatoka wapi.

Mimi ni muuguzi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, upande wa magonjwa ya ngozi. Daktari wetu alikuwa anataka kupima maisha ya wagonjwa wetu wanavyoyaishi na ngozi zao, mbali na ukubwa wa vidonda anavyoviona yeye kwa macho. Akachagua dodoso linaloitwa DLQI, kifupi cha Kiingereza cha kipimo cha ubora wa maisha kwa wagonjwa wa ngozi. Lilitungwa Cardiff, huko Wales, na Finlay na Khan, likachapishwa mwaka 1994, na limetafsiriwa katika lugha nyingi kupita kiasi. Ni maswali 10 tu. Yanauliza kuwashwa na maumivu, aibu, kununua vitu na kuangalia nyumba au bustani, mavazi, kukutana na watu, michezo, kazi au masomo, mume au mke na ndugu na marafiki, mambo ya chumbani, na mwisho usumbufu wa dawa zenyewe. Jibu la juu kabisa lina alama 3, la chini kabisa 0. Mwishoni unajumlisha: 0 au 1, ugonjwa haujagusa maisha, 2 hadi 5, athari ndogo, 6 hadi 10, ya wastani, 11 hadi 20, kubwa sana, 21 hadi 30, sina hata haja ya kusema.

Kitu kimoja kilinivutia tangu siku ya kwanza. Maswali yale hayakutoka kichwani mwa madaktari. Waliwauliza wagonjwa 120 wa kwao wataje jinsi ngozi inavyowaharibia maisha, na humo ndimo maswali yalimochujwa. Ndiyo maana kuna bustani, ndiyo maana kuna michezo. Ni malalamiko ya watu wa Cardiff. Nikalisoma hilo, nikatikisa kichwa, nikaendelea na kazi.

Dodoso lina mwenyewe, kwa hiyo huwezi kuamka asubuhi ukalitafsiri na jioni ukaanza kuwauliza watu. Unaomba ruhusa Cardiff, unafuata utaratibu. Watafsiri wawili wanafanya kazi kila mmoja kivyake, kisha wanakaa pamoja na kutoa tafsiri moja. Hiyo wanapewa watu wengine wawili ambao hawajawahi kuliona lile la Kiingereza, nao wanairudisha kwa Kiingereza. Wenye dodoso wanalinganisha huko kwao, wanakuuliza hapa mlimaanisha nini, mnarekebisha. Baadaye ndipo unakwenda kwa wagonjwa wachache kuona kama wanaelewa, na baada ya hapo ndipo hesabu kubwa za kuthibitisha zinaanza. Kwenye mji ambao ofisi zote zinaongea Kifaransa, kupata watu wanne wa kuaminika kwa Kiingereza na Kiswahili ni kazi ya mwezi. Kishawishi cha kuchungulia tafsiri ya Kifaransa kipo kila siku, na sitaapa kwamba hakuna aliyechungulia.

Mtafsiri wa kwanza alikuwa mwalimu wa lugha, mzaliwa wa Uvira. Wa pili nilikuwa mimi. Nilisomea uuguzi Mwanza miaka minne, nikarudi na Kiswahili ambacho dada zangu mpaka leo wananicheka nacho. Niliporudi nilisema "ninahisi baridi", wakaniuliza kama baridi ya Tanzania ni ya kuhisi. Kwetu baridi tunaisikia. Maumivu tunayasikia, haya tunaisikia, hata harufu tunaisikia. Lakini nilipokaa mbele ya dodoso, vidole vyangu viliandika "umehisi" bila kuniuliza.

Tulibishana sana na mwalimu, na kwa kuwa nilikuwa na cheti cha Mwanza, mara nyingi nilishinda. Kwenye "bibi" nilishindwa, na nashukuru. Swali la 8 linataja mwenzi wa mtu. Mwalimu aliandika "bwana au bibi yako". Mimi nikasema haiwezekani, bibi ni mama yake mama. Nikaweka "mwenzi wako". Tulipowajaribishia wauguzi wenzangu, wa kwanza kabisa akauliza, "Mwenzi wangu wa nini, wa kazi?" Bukavu nzima bibi ni mke, na mama yake mama ni nyanya, na mimi mtoto wa Kadutu, mtaa wa hapahapa, nilikuwa nimesahau.

Tafsiri yetu ikaenda kurudishwa kwa Kiingereza, ikarudi safi. Sentensi baada ya sentensi ilifanana na ya asili kama mapacha. Tulifurahi, tukanunua soda.

Wa kwanza kutuharibia furaha alikuwa kijana wa moto, yaani pikipiki ya abiria, motari, mwenye ekzema ya mikono. Siku hiyo ilikuwa kazi ine, yaani Alhamisi. Tulimpa kiti, nikamsomea: "Katika wiki iliyopita, ngozi yako imekuwasha kwa kiasi gani?" Akafikiri huku anajikuna. "Hapana, wiki iliyopita nilikuwa muzuri." Anajikuna. Mwanafunzi akaandika 0. Nikamwambia kijana aniambie alivyolielewa swali, kwa maneno yake, maana ndiyo kazi ya hatua ile.

"Si umesema wiki iliyopita? Ile iliyoisha Yenga. Ile ilikuwa muzuri. Ni hii ndiyo inaniua."

Alikuwa na haki. Katika Kiswahili wiki iliyopita ina mlango: ilifunguliwa siku moja ikafungwa siku ya Yenga, yaani Jumapili, na ukishaivuka umeshaivuka. Dodoso linataka siku saba zinazoishia hapa ulipokaa, na jana ikiwemo. Sasa wapelekee watafsiri wa kurudisha "wiki iliyopita", watakupa kwa Kiingereza maneno yaleyale ya Cardiff, neno kwa neno. Ile tafsiri ya kurudisha ndiyo iliyokuwa kioo chetu, na kioo kilitwambia tuko sawa. Tukabadilisha, "tangu leo ukirudi nyuma siku saba", na nikawafundisha wasomaji wetu wataje jina la siku: "tangu kazi ine ya juma lile mpaka leo". Kwenye karatasi inaonekana ndefu na ya kitoto. Ikisomwa kwa sauti, hakuna anayekosea.

Na karibu kila karatasi ilisomwa kwa sauti. Cardiff mgonjwa anajaza mwenyewe akisubiri zamu, dakika mbili tatu, kwisha. Kwetu wengi walisema miwani imebaki nyumbani. Usiulize mara ya pili mtu anayesema hivyo, chukua karatasi usome. Lakini ukisoma, umeshaingia wewe mwenyewe ndani ya dodoso. Umri wako umeingia, sauti yako imeingia, na kama wewe ni mwanafunzi wa miaka 24 unayemuuliza mjane, hiyo nayo imeingia.

Ngazi za majibu zilitutoa jasho kuliko nilivyotegemea. Kiingereza kina maneno mawili ya juu, moja limezidi lingine kidogo. Tuliandika "sana sana" na "sana". Sikiliza watu wanavyoongea sasa. Mtu akiumia kweli hasemi "sana sana". Anavuta, "saaana", anafunga na macho. Mwanafunzi anasikia "sana" moja, anaandika 2. Mwingine anasema "sana sana" kwa adabu tu, kama anavyosema "aksanti sana sana". Tukaishia na "kupita kiasi" kwa 3 na "sana" kwa 2, na hapo kioo cha kurudisha kikapiga kelele kwa sababu kwa Kiingereza haikufanana tena. Ilitubidi tuandike maelezo ya nusu ukurasa kwa nini neno lisilofanana ndilo linalofaa.

Swali la 2, la aibu, lilikuwa na kisa chake. Tuliandika "umeona aibu". Mzee mmoja mwenye vitiligo, mabaka meupe yamemzunguka midomo na macho, akanitazama kama nimemtukana. "Aibu juu ya nini? Nimeiba?" Kwake aibu inamfuata mtu aliyefanya jambo. Tulipomwuliza kama amesikia haya mbele za watu, akanyamaza, kisha akaanza kueleza jinsi anavyochagua upande wa kukaa kanisani. Nusu ya pili ya swali, ile hali ya kujishtukia, kujiona kila jicho liko juu yako, haina neno moja kwetu. Tuliifungua tu: "au kujisikia kwamba watu wote wanakuangalia". Mzee huyohuyo katika swali la kuwashwa alipata 0, maana vitiligo yake haikuwashi wala haikuumi. Nilikuja kumkumbuka baadaye kwenye hesabu.

Basi, mama wa benchi.

Nilikwenda nikakaa karibu naye. Nilikuwa na karatasi yake mapajani. Swali la 3, kununua vitu na kuangalia nyumba au shamba: amejibu "hainihusu". (Tulikuwa tumeshaitoa bustani, hilo nililiona mwenyewe, bustani ni maua ya mbele ya nyumba za mtaa wa Muhumba, mama zetu wana shamba.) Swali la 6, michezo: "hainihusu". Swali la 7, kazi: "hainihusu". Swali la 9, la chumbani: "hainihusu". Dodoso linaruhusu jibu hilo kwa maswali mengi, kwa wale ambao jambo lenyewe halimo maishani mwao, na alama yake ni 0, sawa na yule asiyesumbuliwa kabisa.

"Mama, kazi yako ni gani?"

"Siko na kazi."

"Unaishi na nini?"

"Nilikuwa nauzisha sambaza, pale soko ya Kadutu."

Asiyelijua ziwa letu, sambaza ni wale samaki wadogo kama kidole, walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ni mboga ya kila nyumba. Nikamwuliza kwa nini "nilikuwa". Akaangalia kushoto na kulia, akautoa mkono mmoja kutoka kwenye kikwembe. Soriasisi. Tangu kiwiko mpaka kwenye vidole, mabaka mekundu yaliyofunikwa magamba meupe, na kucha zimetobokatoboka kama mtu alizidonoa kwa sindano. Akaugeuza ili nione na upande wa pili.

"Mteja mumoja alisimama mbele ya beseni, watu wamejaa. Akaniuliza: mama, haya magamba ni ya samaki ao ni yako?"

Akacheka. Mimi sikuweza.

"Nikampa binti yangu beseni siku ile. Yeye ndiye anauzisha. Yeye pia ndiye anaenda kununua chumvi, sabuni, kila kitu. Mimi nabaki kwa nyumba. Sasa ni miaka mbili."

Fikiria jinsi swali lilivyomfikia. Tulimsomea: "Ngozi yako imekuzuia kufanya kazi au kusoma?" Hapa kwetu kazi ni ya ofisi, ya mshahara, ya mtu anayetoka asubuhi na begi. Kuuza sambaza kunaitwa kutafuta maisha. Hana kazi, hakuzuiwa kazi, swali halimhusu, sifuri. Na kwa kununua vitu? Haendi sokoni, binti anaenda, kwa hiyo katika siku saba ngozi haikumsumbua hata mara moja akinunua. Sifuri. Kila kitu alichokuwa amekiacha kwa sababu ya ngozi kiliandikwa kama kitu ambacho ngozi haijakigusa.

Nikamwuliza kuhusu la tisa, kwa sauti ya chini. Akanipiga begani.

"Ule mutoto aliniuliza mambo ya kitanda! Nikamwambia, mwanangu, hiyo haikuhusu."

Nikarudi ndani nikamwuliza mwanafunzi. Akakubali. Mama alisema "haikuhusu", yeye akasikia "hainihusu", akaweka tiki. Nilicheka mpaka Daktari akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Alipoelezwa hakucheka. Akavuta faili zote za wiki hiyo, tukaanza kuhesabu ni wangapi walioweka "hainihusu" na ni wangapi waliomaanisha "niache".

Neno lile nililiweka mimi. Mwanza, kwenye fomu za ofisi, "hainihusu" ni neno la kawaida, halina pilipili. Bukavu ukimwambia mtu "hainihusu" umemfungia mlango usoni. Mtu mpole hawezi kulichagua hata kama ndilo jibu lake, mtu aliyekasirika atalichagua hata kama silo, na kwenye Kiingereza cha kurudisha wote wawili wametoka wameoga. Hapo nilielewa kwamba ile kazi ya kurudisha tafsiri, ambayo tuliisherehekea kwa soda, inakamata maneno yaliyopotea njia. Neno lililofika salama likiwa limebadilika sauti, hailikamati. Bado naiona ni ya lazima. Ila nikiambiwa leo fedha ni chache, chagua: nitapunguza kwenye kurudisha, niongeze kwenye kukaa benchi.

Tulibadilisha jibu likawa "jambo hili halipo kwangu". Kwenye kazi tukaandika "kazi, biashara, kilimo au shughuli unayotafutia maisha, au masomo". La tisa tulikuwa tumeliandika "tendo la ndoa", na kila asiye na ndoa alikuwa anajitoa mwenyewe, wakiwemo vijana ambao wote tunajua hawasubiri ndoa. Likawa "mambo ya mwanamume na mwanamke chumbani", na akina mama wakawa wanaulizwa na mimi au muuguzi mwingine mwanamke, mlango umefungwa. Kila badiliko lilirudi kwa wenye dodoso na maelezo yake.

Mama wa sambaza alikubali kuulizwa upya. Safari hii swali la 7 alijibu ndiyo, na ndiyo ya swali hilo ina alama 3 nzima. 5 ikawa 8, kutoka athari ndogo hadi ya wastani. Maswali matatu, la kununua, la michezo na la chumbani, yalibaki "halipo kwangu", yaani sifuri tatu.

Sifuri hizo watu wengine walishaziona kabla yetu. Mwaka 2018 watafiti walipendekeza hesabu nyingine, inayoitwa DLQI-R: usimhukumu mtu kwa maswali yasiyomhusu. Kama maswali saba tu ndiyo yanayomgusa, juu kabisa angeweza kupata 21, basi ipandishe alama yake kwa kipimo hicho mpaka 30. Nikachukua simu nikapiga hesabu: 8 mara 30 gawanya kwa 21. Nikapata 11 na kidogo. Athari kubwa sana. Mama yuleyule, mikono ileile, 5 mwanzoni, 8 baada ya kusahihisha lugha, 11 baada ya kusahihisha hesabu. Katika nchi nyingi za Ulaya kuvuka 10 ni moja ya alama za kuonyesha kwamba soriasisi ni nzito na mgonjwa anastahili dawa za nguvu. Kwetu mara nyingi inabaki kuwa pomade ya kupaka na uvumilivu, lakini hata pomade ina foleni, na anayeandikiwa "athari ndogo" anakaa mwisho.

Tulibishana na Daktari. Yeye alishikilia hesabu ya asili, kwa sababu tukibadilisha na lugha na hesabu kwa wakati mmoja hatutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Nilijua ana haki. Bado nilimwomba aandike zote mbili, akakubali, ya pili kwenye jedwali la nyuma.

Hatua za hesabu kubwa sizielezi kirefu. Si kazi yangu na zilinichosha. Ya kwanza inaangalia kama maswali kumi yanavuta upande mmoja. Mimi naiona kama wavuvi wetu wa sambaza, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja usiku, wote wanavuta wavu kwa wimbo mmoja. Kuna namba inayoitwa alfa ya Cronbach inayokwambia kama wanavuta pamoja, na kuanzia 0.7 watu wanaridhika. Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wa mabaka. Swali la kuwashwa kwa wagonjwa wa vitiligo linakaa ndani ya mtumbwi bila kushika kamba, na halina kosa lolote. Kabla hujalaumu tafsiri, angalia kwanza umewakusanya wagonjwa gani.

Ya pili ndiyo iliyoniuma: kumwuliza mtu yuleyule tena baada ya siku chache, ugonjwa wake ukiwa haujabadilika, uone kama majibu yatafanana. Kwenye karatasi ni jambo rahisi. Wenye upele tuliwaondoa mapema, maana ukiwatibu vizuri wanapona, na huwezi kumnyima mtu dawa ili hesabu yako itulie. Tukabaki na magonjwa ya muda mrefu. Mvua ikinyesha wa mtaa wa Panzi hawafiki, nauli ya moto tuliwarudishia lakini ya siku yenyewe hawakuwa nayo. Waliofika, wengine walijitahidi kurudia kilekile walichosema, wasionekane waongo. "Juzi nilikuambia sana?" bibi mmoja aliniuliza. "Basi andika sana."

Halafu mwaka 2024 mpox, ugonjwa wa kuambukiza unaotoa vipele mwilini, ikatukuta katikati. Ilikuwa imeshika Kamituga, huku huku Kivu Kusini, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya dunia. Ngozi za wagonjwa wetu hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni macho ya watu. Kijana wetu wa moto mwenye ekzema aliniambia abiria wanaangalia mikono yake kwanza ndipo wanapanda, na wengine hawapandi. Mwanamke mmoja aliombwa asishike mtoto wa jirani aliyekuwa anambeba kila siku. Maswali ya kukutana na watu na ya ndugu na marafiki yakapanda, mabaka yakiwa palepale. Kwa mujibu wa kanuni, dodoso letu halikuwa thabiti. Daktari aliandika tarehe pembeni ya kila fomu ya kipindi hicho na kuziweka kando. Mimi nilizisoma zote usiku mmoja, na sijawahi kuliamini lile dodoso kama usiku ule.

Swali la 10, la usumbufu wa dawa, nilidhani halina jipya. Cardiff linauliza kama dawa inachafua nyumba au inakula muda. Kadutu kila mmoja alijibu kwa hesabu ya bidoni, yaani dumu la maji. Dawa inataka uoge kabla ya kupaka, kuoga kunataka bidoni moja, bidoni ina bei na ina foleni. Hatukubadilisha hata neno moja hapo. Swali lilikuwa na nafasi ya kutosha.

Mama wa sambaza alitakiwa kurudi siku ya kazi tatu, yaani Jumatano. Hakufika. Kesho yake alikuja binti, amebeba beseni kichwani, sambaza wamefunikwa kwa mfuko mweupe. Akalitua chini mlangoni, akafuta mikono kwenye kikwembe, akatusalimia wote kwa zamu.

"Mama amesema yeye hawezi kufika, mvua ilivunja njia. Ila amenituma nijibu. Aliniambia yote."

Mwanafunzi akaanza kumweleza kwamba haiwezekani, lazima mgonjwa mwenyewe. Binti hakumsikiliza. Alisimama wima kama mtoto anayesoma shairi shuleni, akaanza kuhesabu kwa vidole: la kwanza, sana, la pili, kidogo, la tatu, halipo kwake, la ine, kidogo. Hakukosea hata moja mpaka la nane. Nilikuwa na karatasi ya mama yake mkononi, namfuata kwa kidole.

Kisha akatuangalia, mimi kwanza, halafu mwanafunzi, na nikaona anabana mdomo asicheke.

"Na ile ya kenda," akasema, "mama amesema yule mutoto anajua."

Tuliandika: hakurudi. Nikanunua sambaza vipimo viwili.